Mwongozo Kamili: Kuwasha Upya Stirio ya Valvu ya Bei Nafuu Bila Kuiunguza

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anapata stirio ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) iliyolala stoo miaka thelathini, anaipangusa vumbi, anachomeka plagi aone kama inawaka. Inawaka kweli. Inaimba dakika kumi, mvumo unapanda, harufu ya nta iliyoungua inajaa chumbani, kisha kimya. Valvu mpya zinanunuliwa, zinachomekwa, na zenyewe zinageuka nyekundu. Kufikia hapo transfoma imeshaungua, na kwa mashine za aina hii transfoma ndiyo mali yenyewe. Kila kitu kingine hununulika kwa urahisi.

Mwongozo huu ni wa amplifaya ndogo zilizokuwa zikiwekwa ndani ya kabati za redio na gramafoni za watu wa kawaida: chaneli mbili, kila moja ikiwa na valvu moja ya kutoa sauti (EL84, ambayo Wamarekani huiita 6BQ5, au ECL82, ECL86, au 6V6), valvu moja ya ECC83 au 12AX7 inayotumiwa na chaneli zote mbili, na rektifaya (valvu inayogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu) kama EZ81. Hutoa wati 3 hadi 5 kwa kila upande. Zilitengenezwa kwa vipuri vichache iwezekanavyo, mara nyingi bila hata fyuzi, kwa hiyo kasoro moja haikomei mahali pake. Ndiyo maana mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko ustadi wa mkono.

Onyo la kwanza kabisa. Ndani kuna volti 250 hadi 350 za mkondo mnyoofu. Zinaua, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Kama hujawahi kupima umeme wa ukutani kwa multimita, anza na kazi nyingine, au fanya hii ukiwa na fundi kando yako.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kufungua chochote

- Multimita inayostahimili angalau 600 V, yenye waya zisizo na nyufa, na klipu moja ya mamba yenye kihami.
- Rezista ya 10 kΩ, 5 W au zaidi, iliyochomelewa waya mbili zenye vihami, kwa ajili ya kutoa chaji ya kapasita.
- Balbu ya nyuzi ya 60 W na kishikio chake. Balbu ya LED haifai hata kidogo hapa.
- Rezista mbili za 8 Ω, 10 W, zitakazosimama badala ya spika wakati wa majaribio.
- Kapasita za elektroliti za 450 V, daraja la nyuzi joto 105: vipande viwili vya 47 µF na vinne vya 22 µF hutosha amplifaya nyingi.
- Kapasita za filamu za 630 V zenye thamani zile zile zilizomo ndani, kwa kawaida 0.01, 0.022 na 0.047 µF.
- Kapasita za elektroliti za 47 au 100 µF, 50 V, za kathodi (ncha ya valvu inayotoa elektroni).
- Rezista za 100 kΩ, 220 kΩ, 470 kΩ na 1 MΩ za wati 1, pamoja na 130, 150 na 180 Ω za wati 2.
- Waya wa umeme wa nyuzi tatu, kishikio cha fyuzi, na fyuzi za kuchelewa: 1 A kwa umeme wa 230 V, 2 A kwa 120 V.
- Chuma cha kuchomelea cha 40 hadi 60 W, waya wa risasi, na dawa ya kupulizia ya kusafishia potenshomita (vidhibiti vya kuzungusha, kama cha sauti).

Valvu mpya hazimo kwenye orodha, na tumeziacha makusudi. Usinunue valvu yoyote kabla ya hatua ya 8. Valvu za zamani huishi kuliko watu wanavyodhani, na pesa nyingi hupotea kwa kubadilisha valvu ambazo hazijaharibika kwenye saketi mbovu.

## Hatua ya 1: Hakikisha ina transfoma ya umeme

Mashine za bei ya chini kabisa hazikuwa na transfoma ya umeme. Filamenti za valvu (nyuzi zinazozipasha joto) ziliunganishwa mfululizo, moja baada ya nyingine, mpaka jumla ya volti zao ikakaribia ya ukutani, na chasisi ya chuma ikaunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme. Plagi ikigeuzwa, chasisi nzima inakuwa na umeme wa ukutani.

Majina ya valvu yatakuambia. Kwa namba za Kimarekani, tarakimu za mwanzo ni volti za filamenti: 6V6 na 6BQ5 ni za volti 6.3, lakini 35W4 na 50EH5 ni za volti 35 na 50, na hizo ni dalili ya saketi ya mfululizo. Kwa majina ya Ulaya tazama herufi ya kwanza: E ni volti 6.3, ilhali U (kama UCL82 na UY85) ni valvu za mfululizo za 100 mA.

Thibitisha kwa multimita. Plagi ikiwa nje ya ukuta na swichi ikiwa imewashwa, pima ukinzani kati ya kila pini ya umeme ya plagi na chasisi. Ukikuta njia ya moja kwa moja, simama. Mashine hiyo haiguswi bila transfoma ya kutenganisha, na hatua zinazofuata hazikuandikwa kwa ajili yake.

Ukifaulu: unaona transfoma kubwa ya umeme na mbili ndogo za spika, na hakuna njia kati ya pini za umeme na chasisi.

## Hatua ya 2: Toa chaji, piga picha, pima transfoma

Chomoa plagi. Unganisha upande mmoja wa rezista ya 10 kΩ na chasisi, kisha gusa kwa upande wa pili kila ncha chanya ya kapasita kubwa kwa sekunde 10. Pima kwa multimita. Endelea tu ikiwa chini ya 5 V. Kugusisha bisibisi badala ya rezista hutoa cheche, huharibu kapasita, na siku moja itarusha kipande cha chuma machoni.

Piga picha za chini ya chasisi kutoka pande zote. Rangi za waya hufifia, kumbukumbu nayo hufifia haraka zaidi.

Sasa pima transfoma kabla hujatumia hata senti moja. Chomoa valvu zote, ukiandika kila moja ilitoka soketi gani. Koili ya umeme huonyesha makumi ya omu. Koili ya volti kubwa huonyesha omu mia moja hadi mia kadhaa, na kama ina ncha ya katikati, nusu zote mbili zikaribiane. Koili ya filamenti huwa chini ya omu 1. Transfoma za spika: upande wa valvu omu 200 hadi 600 hivi, upande wa spika chini ya omu 1 au 2, na chaneli zote mbili zifanane.

Koili ya transfoma ya spika ikisoma wazi, imekatika. Ikisoma nusu ya mwenzake, ishuku kwa nguvu. Huu ndio wakati wa kuamua kama kazi inastahili kuendelea, si baada ya kuchomelea kapasita ishirini.

## Hatua ya 3: Waya wa umeme, fyuzi na ethi

Ondoa waya wa zamani wa nyuzi mbili. Weka wa nyuzi tatu: waya wa moto upite kwanza kwenye fyuzi, kisha swichi, kisha transfoma. Nyutro iende moja kwa moja kwenye transfoma. Ethi ifungwe kwenye chasisi kwa skrubu yake yenyewe, isishirikiane na skrubu inayoshika kitu kingine.

Ukikuta kapasita ndogo kati ya waya wa umeme na chasisi, ikate. Ikivuja inaweka umeme wa ukutani kwenye chasisi. Haina kazi ya lazima. Anayetaka kuirudisha atumie ya daraja la Y2 pekee, isiyozidi 4.7 nF.

Tazama pia kichaguzi cha volti. Kikiwa na nafasi za 220 na 240, na umeme wako ni 230 au zaidi, weka 240. Mashine ya Kimarekani ya 117 V inahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo mara mbili ya matumizi yake, kwa hiyo 150 VA kwa amplifaya ya 70 W. Transfoma iliyobuniwa kwa 60 Hz pekee huchemka zaidi kwenye 50 Hz, na mota ya sahani ya santuri hupungua kasi kwa kiasi cha sita moja: santuri ya mizunguko 33⅓ huzunguka chini ya 28. Transfoma ya kushusha hairekebishi hilo. Hushusha volti, haibadilishi mizunguko ya umeme.

## Hatua ya 4: Badilisha kapasita, zote zinazostahili

Hapa ndipo mashine inapookolewa au kuuawa.

Kapasita za kuchuja. Ndani ya elektroliti kuna ngozi nyembamba ya oksaidi inayozuia umeme. Isipotumika kwa miaka, ngozi hiyo hudhoofika, na kapasita huanza kupitisha mkondo kama rezista. Mkondo huo unatoka kwenye rektifaya, rektifaya inautoa kwenye transfoma, na bila fyuzi hakuna wa kusema basi. Wapo wanaozifufua kwa kupandisha volti polepole kwa saa nyingi. Hatulipendekezi hilo: hata zikikubali leo, elektroliti ya umri huo imeshakauka, na gharama ya kapasita nne ni ndogo mno ukilinganisha na transfoma moja.

Mkebe wa zamani mara nyingi una sehemu tatu ndani, kwa mfano 40, 20 na 20 µF. Uache mahali pake kwa sura tu, ukate waya zake zote, kisha funga kapasita tofauti chini ya chasisi: 47 kwa 40, 22 kwa 20. Ukiuacha mkebe umeunganishwa na kuongeza kapasita mpya kando yake, uvujaji unabaki pale pale.

Usiongeze ukubwa kwa tamaa ya kupunguza mvumo. Kapasita ya kwanza baada ya EZ81 isizidi 50 µF. Baada ya 5Y3 baki karibu na 20 µF. Kapasita kubwa huvuta mkondo wa ghafla kwa pigo fupi, na kathodi ya rektifaya huanza kumeguka.

Kapasita za kuunganisha hatua. Hizi ni za karatasi na nta au lami, zinazopeleka sauti kutoka anodi (bamba linalopokea mkondo) ya ECC83 hadi gridi (wavu unaodhibiti mkondo) ya valvu ya kutoa. Upande mmoja una volti 100 na zaidi, upande wa pili unatakiwa kuwa sifuri. Ikivuja hata kidogo, gridi inapata volti chanya, EL84 inavuta mkondo kupita kiasi, anodi inawiva nyekundu, na transfoma ya spika inaungua. Badilisha zote bila kuzijaribu. Kapasita za kauri na za maika ziache, haziharibiki hovyo.

Kapasita za kathodi. Elektroliti ndogo kando ya rezista ya kathodi. Ikikauka besi inapungua; ikishika shoti, valvu inakosa bayasi (volti inayozuia mkondo wake usizidi) kabisa. Badilisha, ukiangalia chanya iwe upande wa kathodi.

Kata moja, chomelea moja, linganisha na picha, ndipo uende nyingine. Anayekata zote kwa pamoja hukesha akitafuta waya ulikuwa wapi.

## Hatua ya 5: Rezista, soketi na potenshomita

Rezista za kaboni hupanda thamani kwa uzee, hasa za 100 kΩ na 220 kΩ kwenye anodi za ECC83. Pima kila moja. Iliyozidi thamani yake kwa zaidi ya asilimia 20, badilisha. Ile ya kathodi ya EL84 iwe sahihi, maana ndiyo utakayoitumia kupigia hesabu. Kumbuka kwamba rezista ikipimwa ikiwa ndani ya saketi inaweza kusoma pungufu kwa sababu ya njia nyingine, lakini ikisoma zaidi ya thamani yake, imepanda kweli.

Pulizia dawa ndani ya potenshomita na uzungushe mara thelathini. Soketi za valvu: ingiza na uchomoe valvu mara kadhaa, na kaza kwa sindano vishikio vilivyolegea.

## Hatua ya 6: Balbu ya mfululizo, bila valvu

Funga balbu ya nyuzi ya 60 W mfululizo na waya wa moto, ndani ya kiboksi kilichofungwa. Saketi ikiwa na shoti, balbu itachukua volti karibu zote na kuwaka kwa nguvu, na transfoma itasalimika.

Washa valvu zote zikiwa nje. Balbu imulike kidogo au isimulike kabisa. Ikiwaka kwa nguvu, zima: kuna shoti kwenye waya au transfoma yenyewe. Ikiwa shwari, ondoa balbu na upime volti za filamenti kwa mkondo geu. Kwa EL84 ni pini 4 na 5. Bila valvu zitapanda kidogo, karibu na 7 V. Si tatizo.

Kama mashine ina rektifaya ya silikoni au ya seleni badala ya valvu, volti kubwa zitakuwepo tayari katika hatua hii. Chukua tahadhari.

## Hatua ya 7: Rektifaya, kisha valvu zote

Rudisha balbu. Funga rezista za 8 Ω kwenye nyaya za spika za chaneli zote mbili. Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila mzigo kwenye transfoma ya spika. Nishati ikikosa pa kwenda, volti hupanda upande wa valvu hadi kutoboa kihami cha koili.

Zima, ingiza rektifaya peke yake, washa. Volti za kapasita ya kwanza zitapanda kuelekea mara 1.41 ya volti za koili: koili ya 250 V inaweza kufika 350 V bila mzigo. Hii ndiyo sababu ya kudai kapasita za 450 V hata kama za zamani ziliandikwa 350.

Zima, toa chaji, ingiza valvu zilizobaki. Kwanza zitazame: doa la fedha juu ya kioo likigeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa. Washa tena. Balbu itamulika, itafifia, kisha itarudi kumulika kwa kadiri baada ya nusu dakika hivi. Huo ndio mwenendo mzuri. Ikizidi kung'aa bila kutulia, zima.

## Hatua ya 8: Umeme kamili na vipimo

Ondoa balbu. Funga klipu ya mamba ya multimita kwenye chasisi, weka mkono mmoja mfukoni, pima kwa mkono mwingine. Mikono miwili ndani ya chasisi ni njia ya umeme kupita kifuani.

Dakika ya kwanza usiondoe macho kwenye anodi za valvu za kutoa. Zikianza kuwiva nyekundu, zima hapo hapo. Sekunde zinahesabika.

Kwa EL84, pima kwa mpangilio huu:

- Pini 2, gridi: 0 V, au chini ya 0.1 V. Hiki ndicho kipimo kikuu.
- Pini 3, kathodi: kati ya 6 na 9 V.
- Pini 7, anodi: 220 hadi 280 V. Kikomo cha valvu ni 300 V.
- Pini 9, gridi ya pili: karibu na ya anodi, na wakati mwingine juu yake kidogo.

Kwa 6V6 pini ni 5, 8, 3 na 4 kwa mpangilio huo huo. Hapo kathodi husoma zaidi, mara nyingi kati ya 10 na 14 V, maana rezista yake ni kubwa.

Sasa piga hesabu. Gawa volti za kathodi kwa rezista yake. Mfano: 7.6 V kwa 150 Ω ni 50.7 mA. Toa asilimia 10 inayokwenda gridi ya pili, zinabaki kama 45.6 mA. Zidisha kwa volti kati ya anodi na kathodi, tuseme 240, upate 10.9 W. Kikomo cha EL84 ni 12 W, kwa hiyo iko salama. Ikizidi 12, ongeza rezista ya kathodi, kwa mfano kutoka 130 hadi 180 Ω. Katika amplifaya zenye valvu mbili kwa chaneli, rezista moja inaweza kuhudumia mbili au hata nne. Gawa mkondo kwa idadi yao kabla ya kuzidisha.

Pini 2 ikiwa na volti chanya, zima, chomoa EL84 hiyo, washa, upime tena kwenye soketi. Volti zikibaki, kapasita ya kuunganisha inavuja, au umeiruka. Zikitoweka, kosa ni la valvu yenyewe: ina gesi ndani. Hii ndiyo nafasi halali ya kununua valvu.

Pima pia filamenti zote valvu zikiwa ndani: 6.3 V, na isizidi 6.9.

Ukifaulu: chaneli mbili zinatofautiana chini ya asilimia 10, hakuna anodi inayowiva, na baada ya saa moja unaweza kushika transfoma ya umeme kwa sekunde kadhaa bila kuunguzwa. Zima na uchomoe plagi kabla ya kuishika.

## Hatua ya 9: Spika na chanzo cha sauti

Zima, ondoa rezista, funga spika. Hujui omu zake? Pima kwa multimita: spika ya 8 Ω husoma karibu 6.5, ya 4 Ω husoma kama 3.3. Kwa wati 4, usikivu wa spika ndio unaoamua: ya desibeli 90 kwa wati moja itajaza chumba cha kawaida, ya 83 itakufanya uamini amplifaya ni mbovu.

Malalamiko ya "sauti haitoki" mara nyingi yako kwenye ingizo. Amplifaya hizi zilibuniwa kwa kichwa cha santuri cha kauri, kinachotoa sehemu kubwa ya nusu volti. Kichwa cha sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, na bila priamplifaya yake (kikuzaji cha awali) yenye usawazishaji wa RIAA (kanuni ya santuri inayorudisha besi) utasikia mnong'ono mkavu usio na besi. Simu au kompyuta, kinyume chake, hutosha moja kwa moja. Anza na sauti chini.

## Kasoro zinazobaki

Mvumo una lugha yake. Ukiwa wa 100 Hz (120 kwenye umeme wa 60 Hz), wenye mkwaruzo, tafuta kwenye kapasita za kuchuja au kiungo chake baridi (kilichochomelewa vibaya). Ukiwa wa 50 au 60, mzito na laini, tazama waya za filamenti zinazopita karibu na gridi, ngao ya waya wa ingizo, au ECC83 inayovuja kati ya filamenti na kathodi. Ukitokea pale tu unapounganisha kompyuta, ethi mbili zimefanya mzunguko. Jaribu chanzo kinachotumia betri. Usikate ethi ya amplifaya kuutibu.

Mlio wa kengele ukigonga ECC83 kwa penseli ni maikrofoni ndani ya valvu. Badilisha hiyo moja. Chaneli moja ikiwa dhaifu, badilishana EL84 kushoto na kulia: udhaifu ukihama nayo, ni valvu, ukibaki, rudi kwenye rezista za anodi za nusu ya ECC83 inayohudumia upande huo.

Ukiirudisha kwenye kabati, acha angalau sentimita 10 wazi juu ya valvu, na usizibe mgongo wake kwa ubao usio na matundu.